Usimpeleke Uuguzi kwa Sababu Ana Huruma

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haipoi. Shangazi yuko Tandahimba, jirani wetu wa zamani yuko Mikindani, mwalimu wangu wa shule ya msingi kastaafu yuko zake Mtama. Kila mmoja ana kijana wa kumtafutia chuo, na maelezo ni yaleyale. "Mwanangu, huyu mtoto ana huruma. Bibi yake alipolala kitandani, ni yeye aliyekuwa akimgeuza, akimlisha, akimwosha. Tumekaa kama familia tukaona aende uuguzi."

Nasikiliza mpaka mwisho, maana wakubwa hawakatizwi. Kisha nauliza: "Shangazi, Fizikia kapata ngapi?"

Hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika.

Mimi ni muuguzi mkunga kwenye zahanati ya kijiji huku Mtwara, na ni mwanamume, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu wagonjwa wangu nao hulirudia. Haya nimeyasema kwenye simu mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeamua kuyaandika.

Sifa za kujiunga hazijafichwa. NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya kati, linataka ufaulu wa masomo manne, kuanzia D, na dini haihesabiwi. Ndani ya hayo manne lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza zikiwepo ni nyongeza nzuri. Hakuna mahali pameandikwa huruma. Wakati wetu, mwanafunzi akiingia kidato cha tatu alikuwa na ruhusa ya kuacha Fizikia na Kemia, na kwenye shule za kata ambazo mwalimu wa Fizikia alikuwa anasikika tu kwa jina, waliacha kwa makundi, wasichana mbele. Binti wa miaka kumi na sita anafunga mlango bila hata kujua kwamba ni mlango. Bibi anapokuja kuugua na familia inapogundua kipaji cha kuuguza, mlango umeshafungwa zamani.

Anayeingia husoma kwa ngazi. Mwaka wa kwanza ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5. Ukiishia hapo una cheti. Ukiongeza mwaka mmoja wa ngazi ya 6 una diploma. Katikati ya hayo kuna anatomia na fiziolojia, kuna vimelea na wadudu waenezao magonjwa, kuna famakolojia, kuna uuguzi wa magonjwa ya ndani na ya upasuaji, afya ya akili, afya ya jamii, na ukunga ambao ni bahari yake yenyewe. Vitabu ni vya Kiingereza, mitihani ni ya Kiingereza, na wagonjwa ni wa Kiswahili, Kimakonde, Kimwera na Kiyao. Ukifeli una sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukifeli sapu unarudi nyumbani, na niliwaona waliorudi. Wengine walikuwa na roho nzuri kuliko yangu.

Watu hufananisha cheti chetu na nesi wa ngazi ya chini wa nchi za wenzetu. Marekani wana LPN, ambaye husoma karibu mwaka mmoja, hufanya mtihani wa leseni uitwao NCLEX-PN, kisha hufanya kazi chini ya muuguzi aliyesajiliwa au daktari. Kuzalisha si kazi yake. Huku kwetu mwenye cheti ni muuguzi na mkunga kwa pamoja. Usiku wa masika, barabara imekatika, mama kaletwa kwa bodaboda na uchungu umeshapamba moto, wewe wa cheti ndiye uliyepo. Wa kusimama juu yako yuko hospitali ya Ligula au ya Mkomaindo, na kwake unafika kwa simu, kama mtandao upo.

Kwa hiyo nikisikia "ana huruma", sikatai kwamba anayo. Nataka kujua kama anaweza kuhesabu.

Fomu ya kujiunga na chuo huja na orodha ya vitu: ndoo, rimu ya karatasi, viatu vyeusi vilivyofunika vidole, na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Wengi wetu tulikwenda na saa za namba, maana ndizo zinazopendeza na ndizo zilizokuwa zinauzwa stendi. Mkufunzi alitupanga mstari, akatazama mkono mmoja baada ya mwingine, akasema nusu ya darasa haina saa. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Ule mshale ndio kazi yenyewe. Mtoto kaletwa anakohoa. Unamfunua kifua, unaangalia kinavyopanda na kushuka, unahesabu dakika nzima. Huhesabu nusu halafu ukazidisha kwa mbili, maana mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio. Huvuta harakaharaka, akatulia, akaanza tena. Akiwa analia, unasubiri anyamaze. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili hadi 11, mpaka ni 50. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mama anakutazama umekodoa macho kwenye kifua cha mwanawe, humwambii kitu, humpi dawa, anaanza kufikiri umeishiwa akili. Ndiyo maana unamweleza kabla hujaanza: "Mama, nahesabu anavyopumua, nipe dakika moja." Kwa mtoto wa miezi kumi, tofauti ya 48 na 52 huwa inaamua kama anarudi nyumbani na ushauri tu au anaondoka na amoksilini ya nimonia.

Au chukua dripu. Mgonjwa kaandikiwa lita moja iingie kwa saa nane. Mpira ulionao unatoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1000 mara 20, unapata matone 20,000. Gawa kwa dakika 480. Ni matone 42 kwa dakika, kwa kukadiria. Sasa simama pale kitandani, kaza kile kigurudumu, tazama chumba cha matone na tazama saa, hesabu, legeza kidogo, hesabu tena. Mpira wa watoto una matone 60 kwa mililita, kwa hiyo hesabu ya mtu mzima ukiipeleka kwa mtoto bila kufikiri utamkosea vibaya sana. Darasani tulifanya hesabu hizi ubaoni mpaka zikawa zinatutoka usingizini. Klorini ya kuulia vijidudu nayo ni hesabu: JIK yenye nguvu ya asilimia 3.5, ukitaka asilimia 0.5, unaweka kipimo kimoja cha JIK kwenye vipimo sita vya maji, na vifaa vinakaa humo dakika kumi. Mtu akimimina kwa macho, kama anayetia chumvi kwenye mboga, anapoteza alama hapohapo.

Nadhani hata Florence Nightingale tunamsimulia vibaya. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa mwaka 1820, tunawasha mishumaa, tunasema kiapo, tunasimuliwa yule mama wa taa aliyezunguka usiku kati ya vitanda vya majeruhi wa vita vya Crimea. Sawa, taa ilikuwepo. Ila alichowashinda nacho wakubwa wa jeshi ni michoro ya takwimu iliyoonyesha kwamba askari waliouawa na magonjwa walikuwa wengi kuliko waliouawa na majeraha. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Shule yake ya uuguzi ilifunguliwa London mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas. Sijawahi kuona sherehe ambapo wanafunzi wanaandamana wameshika majedwali, lakini ningependa kuiona.

Mtu ataniuliza, sasa huruma ni bure? Hapana. Ninachosema ni kwamba chuo hakikusubiri uje nayo, kinakufundisha, na kinakutahini.

Kila kitendo kina chekilisti yake. Kupima presha, kufunga kanula (kile kimrija cha dripu kwenye mshipa), kuosha kidonda, kumwogesha mgonjwa kitandani. Kwenye mtihani wa vitendo, ule tunaouita OSPE, mkufunzi anasimama pembeni na karatasi, kengele inalia, una dakika chache. Mistari ya kwanza ya karatasi ile inafanana kila mahali: msalimie mgonjwa, jitambulishe, mweleze unachotaka kufanya, omba ridhaa, weka pazia, nawa mikono. Kila mstari una alama. Unaweza kufunga kanula kwa ustadi kuliko daktari na ukaondoka na alama mbovu kwa kuwa hukusema "Shikamoo mama, mimi ni mwanafunzi, naomba nikupime." Mwanzoni tuliona ni maigizo. Unamwamkia doli la plastiki! Unamwomba ridhaa doli! Mwenzetu mmoja alimwamkia doli shikamoo, kisha akajiitikia mwenyewe marahaba, na darasa zima likaanguka.

Lakini ngoja ukaone wodini. Mwanafunzi aliyekuja na huruma tele, akichoka, huruma humwishia saa sita usiku kama ya mtu mwingine yeyote. Aliyezoea kuvuta pazia kwa sababu pazia lina alama ataendelea kulivuta hata akiwa amechoka, amekasirika, hajala. Yule mama aliye nyuma ya pazia amesitirika vilevile. Hana haja ya kujua lilivutwa kwa upendo au kwa mazoea.

Jambo la kwanza kufundishwa kwa vitendo lilikuwa kutandika kitanda. Siku ya kwanza nilidhani tunadharauliwa. Kuna kitanda cha kumsubiri mgonjwa mpya, kuna cha anayetoka upasuaji, na kuna kile ambacho mgonjwa yuko juu yake na hawezi kunyanyuka. Hicho cha mwisho ndicho. Unamgeuza ubavu, mwenzako upande wa pili kamshikilia asianguke. Shuka chafu unaikunja kwa urefu mpaka mgongoni kwake. Safi unaitandaza nusu, nusu nyingine unaiviringisha na kuisukuma palepale mgongoni. Kisha anageuzwa upande wa pili, juu ya kile kigongo cha mashuka mawili, chafu inavutwa, safi inanyooshwa mpaka isibaki kunyanzi, maana mkunjo wa shuka chini ya mtu asiyegeuka ni mwanzo wa kidonda. Shuka chafu haikung'utwi wala haitupwi sakafuni. Kona zinafungwa. Wakati wote huo mwili wa mgonjwa umefunikwa. Mkufunzi wetu alikuwa akitufanyia sisi wenyewe, kila mmoja alale aigize kuwa mgonjwa, ili tujue inavyokuwa kugeuzwa na watu wanaozungumza mambo yao juu ya kichwa chako. Somo lile sijalisahau.

Mgonjwa wa kwanza niliyemwogesha kitandani alikuwa mzee kutoka upande wa Newala, amepooza upande mmoja, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nilifuata chekilisti: shikamoo babu, mimi ni mwanafunzi, nimekuja kukuogesha. Akanitazama mno. "Mjukuu wangu, mama yako anajua kuwa unafanya kazi hii?" Nikamwambia anajua. "Na baba yako?" Nikamwambia baba ndiye analipa ada. Akatikisa kichwa, akasema kitu kwa Kimakonde ambacho wodi nzima ilikicheka na mimi nikacheka nao, kisha akainua mkono wake mzima ili nianzie kwapani.

Baba ndiye aliyelipa ada kweli, na hapo pana habari ya kusini yenyewe. Vyuo hufungua karibu Septemba au Oktoba. Minada ya korosho nayo ndiyo kwanza inaanza Oktoba, na pesa ya mnada wa chama cha msingi haiingii mfukoni siku uliyopeleka mzigo ghalani. Kwa hiyo mzazi wa huku anatakiwa ada ya mkupuo wa kwanza wakati korosho zake bado ziko mtini au ziko ghalani na stakabadhi mkononi. Hapo ndipo mtu wa kangomba, mlanguzi wa korosho, anapobisha hodi na pesa taslimu, kwa bei ya kusikitisha. Najua diploma ambazo nusu ya gharama yake ilikwenda kwa mlanguzi. Chuo kinachokubali mzazi alipe Desemba kimemsaidia kuliko kinachompa maneno matamu. Ukipigiwa simu na chuo, uliza hilo kwanza.

Misheni zilianza kazi hii huku mapema. Ndanda ilianzishwa mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni ya Nyangao kuchomwa moto wakati wa Majimaji, na leo ukipita barabara ya Mtwara kwenda Masasi utakuta hospitali kote kuwili, na wanafunzi wa uuguzi kote kuwili, wakivuka barabara na sare zao kwenda kununua mihogo. Vipo pia vyuo vya serikali. Chuo kipi ni bora sitasema. Angalia kama kina hospitali yenye wagonjwa wengi karibu. Hilo linazidi majengo.

Kwa mwanamume, mtihani halisi ni leba. Huku kwetu mambo ya uzazi ni ya wanawake, yanafundishwa unyagoni, nyakanga anayasimamia, na mwanamume aliyepita jando anajua asikotakiwa kuchungulia. Halafu unaingia wewe na glavu. Kuna mama aliniambia waziwazi, "Kaka, wewe toka." Nilitoka. Ana haki hiyo, na chekilisti inasema omba ridhaa, haisemi lazimisha ridhaa. Kuna mwingine mama yake mzazi ndiye aliyekataa, mwenyewe akasema kati ya uchungu na uchungu, "Mama, mwache, huyu anaongea pole." Sista wa zamu alisimama kando yangu muda wote. Mtoto alipotoka, nilimpangusa, akalia, nikamweka kifuani kwa mama yake, na ndani ya dakika moja sista akachoma oksitosini yuniti 10 pajani kwa mama ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Bibi wa mtoto alitaka kujua jina langu. Nikamwambia. Akasema jina hilo hapana, wana mjomba mlevi mwenye jina hilo.

Kule leba kuna karatasi moja ninayoiheshimu kuliko cheti changu. Ni patografu. Uchungu ukishakolea na njia imefunguka sentimita 4, unaanza kuchora. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na uchungu unahesabu umekuja mara ngapi ndani ya dakika kumi. Njia inapimwa kila baada ya saa nne, unaweka alama ya X. Kuna mstari wa tahadhari unaopanda sentimita moja kwa saa, na saa nne kulia kwake kuna mstari wa kuchukua hatua. Ukiwa zahanati, X zikianza kuvuka mstari wa tahadhari husubiri ule wa pili, unaita gari la wagonjwa, kwa sababu hizo saa nne zilizo katikati ndizo safari. Shirika la Afya Duniani lilitoa fomu mpya mwaka 2020 ambayo inaanza hesabu kwenye sentimita 5, na mabishano ya wakunga juu yake ni marefu, sitayaingia. Ninachojua ni kwamba nimeona patografu zilizojazwa asubuhi, mtoto akiwa ameshazaliwa, X zote zimenyooka kwenye mstari kama zimepigwa rula. Uchungu wa kweli haunyooki hivyo. Karatasi ya namna hiyo haikumlinda mama yeyote.

Ukimaliza chuo hujamaliza. Kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambao usipoupita huna leseni, na bila leseni sheria ya mwaka 2010 haikutambui kuwa muuguzi. Kisha kuna kusubiri ajira, ambako wengi hujitolea kwenye vituo kwa posho ya nauli au bila hata hiyo. Shangazi hapendi sehemu hii ya mazungumzo. Huwa ananiambia nawakatisha watu tamaa.

Siku hizi wanafunzi huletwa kwangu kwa mafunzo ya vitendo. Wanakuja na logibuku, kile kitabu chenye orodha ya vitendo vyote unavyotakiwa kuvifanya na sehemu ya msimamizi kusaini. Wiki iliyopita binti mmoja, mpole, mwenye adabu kweli, wagonjwa wanampenda, alinifuata siku yake ya mwisho ikikaribia. Amebakiza saini za kuhesabu pumzi za watoto. "Kaka, nimeziona ukifanya. Nisainie tu, chuo wanataka kesho kutwa."

Nikamuuliza kama ana saa. Akanionyesha simu.

Nimemwambia kesho ni kliniki ya watoto, akina mama huanza kufika saa moja. Aje mapema, akae kwenye benchi la kwanza, saa yangu nitamwazima.